Inashika wapi? Namna ya kuiangalia kingamwili ya Ebola kwa simu au kompyuta yako

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alitoka kituo cha matibabu ya Ebola kule Katwa mwezi wa 10, mwaka 2019, akiwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba amepona, na jina moja la dawa kichwani: "mab cent quatorze", yaani mAb114 kwa Kifaransa. Ndivyo wauguzi walivyoitamka. Alipofika kwangu hapa Goma, mtaa wa Katoy, kabla hata ya kumaliza kikombe cha chai aliniuliza: "Wewe ndiye unafundisha biolojia. Ile maji walinitundikia ilifanya nini ndani yangu?"

Nikampa jibu la kitabuni. Ile ni kingamwili, inashika virusi, virusi vinashindwa kuingia ndani ya seli. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza neno moja ambalo vitabu vyangu vyote vya shule havikuwa nalo: "Inashika wapi?"

Swali hilo lina jibu linaloonekana kwa macho. Wako watafiti waliotumia miaka mingi kupata umbo la kingamwili ikiwa imeishika virusi, na maumbo hayo wameyaweka wazi kwa yeyote mwenye intaneti, bila malipo. Mimi nilijifunza kuyafungua taratibu, jioni baada ya jioni, na sasa huyaonyesha kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho. Ninaandika hapa njia ninayoifuata, kwa ajili ya mwalimu mwenzangu, muuguzi, au mtu yeyote aliyewahi kuuliza kama yaya wangu.

Usianze na skrini

Mara ya kwanza nilianza na skrini. Nilifungua picha, nikaizungusha, na msichana mmoja wa dawati la mbele akasema alichokiona: "Madame, niko naona makaroni tu." Alisema kweli. Mtu asiyejua anatafuta nini, picha ya protini ni sahani ya makaroni ya rangi rangi. Kwa hiyo tuanze na mikono.

Simama, inua mikono yote miwili juu kama mtu anayesali kanisani. Umekuwa herufi Y, na hilo ndilo umbo la kingamwili ya kawaida ya damu, ile inayoitwa IgG. Mikono miwili ni sehemu za kushikia. Kiwiliwili ni shina ambalo seli za kinga hulishika ili zijue kwamba hapa kuna adui amekamatwa. Mabega ni bawaba: yanalegea, ndiyo maana mikono inaweza kutanuka au kusogea karibu, kila mmoja kwa upande wake.

Sasa sehemu ambayo vitabu huipita haraka. Kila mkono mmoja wa kingamwili umetengenezwa na minyororo miwili iliyolala pamoja: mnyororo mzito na mnyororo mwepesi. Ili kuliona hilo, ita wanafunzi wawili. Mmoja anyooshe mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, migongo ya viganja igusane. Kila mmoja akunje kidole gumba na kidole kidogo, abakize vidole vitatu. Unapata vidole sita vilivyoelekea mbele. Kwenye ncha ya kila mkono wa kingamwili kuna vitanzi sita hivyo hivyo, vitatu vya mnyororo mzito na vitatu vya mnyororo mwepesi. Kingamwili ya Ebola na kingamwili ya surua zinafanana karibu kila mahali, ila kwenye vidole hivi. Huko ndiko mwili unakobadilisha asidi amino, matofali yanayojenga protini, ukijaribu na kurudia, mpaka vidole vikae sawasawa juu ya kitu kimoja tu duniani.

Wanafunzi wakishaushika mfano huo, waambie habari ya papai. Mwaka 1959 Rodney Porter, Mwingereza, alichukua kingamwili akaiwekea papaini, kimeng'enya kinachotoka kwenye utomvu wa papai. Papaini ikakata kwenye bawaba, na vikabaki vipande vitatu: mikono miwili na shina. Gerald Edelman, Mmarekani, alitenganisha minyororo mizito na myepesi kwa njia nyingine, na mwaka 1972 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Darasani kwangu mara zote kuna mtoto anayetoka upande wa Beni, na huyo humweleza jirani yake namna wakulima wa kwao wanavyokwaruza papai bichi, wanavyokinga utomvu na kuukausha kwa ajili ya kuuza. Hapo darasa linanyamaza. Kitu kilicholeta Nobel ni kitu ambacho shangazi yao anakikinga shambani asubuhi. Wape dakika tano za kulizungumza. Mimi huwa siwakatizi.

Mahali pa kuingia

Ghala la maumbo linaitwa Protein Data Bank, na anwani yake ni rcsb.org. Lilifunguliwa mwaka 1971 likiwa na maumbo saba tu. Leo yamepita 200,000. Huhitaji kujiandikisha wala kulipa. Kila umbo lina msimbo wake wa herufi na tarakimu nne, na sisi tunahitaji miwili: 1HZH na 3CSY.

Nimechagua hiyo miwili kwa sababu yote imepitia mikononi mwa mtafiti mmoja, Erica Ollmann Saphire wa Marekani. Wa kwanza ulitoka mwaka 2001, alipokuwa mtafiti kijana katika taasisi ya Scripps huko California: kingamwili nzima ya binadamu, mikono na shina pamoja. Wa pili ulitoka mwaka 2008, kikundi chake kilipofanikiwa kupata umbo la mwiba wa virusi vya Ebola (protini iliyotokeza juu ya kirusi, ambayo hukitumia kuingia ndani ya seli) ukiwa umeshikwa na kingamwili ya mtu aliyepona. Mtu huyo aliugua Kikwit mwaka 1995. Damu ya Mkongomani ndiyo iliyotoa mikono hiyo unayokwenda kuiona, na ninaomba mwalimu alitamke hilo kwa sauti kabla ya kubonyeza chochote.

Simu inatosha, ila igeuze ilale. Kama unatumia mega, fanya kazi hii asubuhi mapema, mtandao ukiwa mwepesi. Kompyuta ni nzuri zaidi, na kama shule ina projekta, shuka jeupe ukutani linafanya kazi.

Msimbo wa kwanza: 1HZH

Andika 1HZH kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukurasa ukifunguka, kwenye mstari wa juu bonyeza neno Structure. Umbo litajitokeza kwenye uwanja wake. Kidole kimoja kinazungusha, vidole viwili vinasogeza karibu au mbali. Kwenye kompyuta ni kipanya na gurudumu lake.

Usiguse kitu kingine kwa dakika mbili. Zungusha tu, utafute Y. Hutaipata ile nzuri ya kitabuni. Mikono yake haijanyooka sawa, shina limeinama upande mmoja, na kingamwili nzima inaonekana kama mtu aliyebeba mzigo kwenye bega moja. Hiyo ni kazi ya bawaba niliyoitaja. Fuwele (nitaieleza hapa chini) iliikamata kingamwili ikiwa imepinda hivyo; katika damu inapinda kila namna, na ndiyo maana mikono miwili inaweza kufika penye miiba miwili ambayo haiko mbali sawasawa.

Sasa tafuta vidole. Nenda kwenye ncha ya mkono mmoja. Kingamwili hii inaitwa b12, na adui yake ni virusi vya UKIMWI. Kidole chake kimoja, cha tatu cha mnyororo mzito, ni kirefu kuliko kawaida, kimesimama chenyewe juu ya vingine. Bonyeza juu yake. Picha itakusogeza karibu na kukuonyesha asidi amino moja pamoja na majirani zake. Ukitaka kurudi, bonyeza mahali patupu.

Kabla ya kuondoka, angalia katikati ya shina. Kuna matawi madogo yaliyochorwa kwa alama tofauti na makaroni: hizo ni sukari. Zikumbuke, kwa sababu kwenye umbo linalofuata sukari ndizo zitakazotusumbua.

Kuhusu ukubwa, mimi huwapa hesabu moja tu. Kingamwili kama hii, kutoka ncha hadi ncha, ni kama angstromu 150, na milimita moja ina angstromu milioni kumi. Wagawe wenyewe. Watapata kwamba zaidi ya kingamwili 60,000 zinaweza kujipanga kwenye milimita moja ya rula yao.

Wamezipataje picha hizi?

Swali hili litakuja, afadhali ulitangulie. Chukua maji ya chumvi, uyaache yakauke polepole kwenye kisahani. Chumvi inajipanga yenyewe kuwa fuwele. Protini nayo, ikisafishwa sana na kukaushwa kwa subira katika tone dogo, inaweza kujipanga. Kisha fuwele hiyo inapigwa kwa eksirei kali, eksirei zinatawanyika kwa mpangilio, na kutokana na mpangilio huo watu hupiga hesabu ya mahali ilipo kila sehemu ya protini. Njia nyingine, inayotumika sana siku hizi, ni kugandisha protini kwenye barafu nyembamba na kuipiga picha kwa hadubini ya elektroni.

Mwiba wa Ebola ulikuwa mgumu kupita kiasi. Umefunikwa na sukari nyingi, na juu yake kuna sehemu ndefu iliyolegea kama manyoya ambayo haikubali kujipanga. Ilibidi watafiti waikate sehemu hiyo, wapunguze sukari mahali pawili, na wauache mwiba ukiwa umeshikwa na kingamwili ili utulie. Huwa ninalisisitiza hili kwa wanafunzi: picha ya 2008 ni ya mwiba ulionyolewa. Mwiba wenyewe, ukiwa kwenye virusi, una koti zito la manyoya na sukari. Mtu asipolijua hilo, atashangaa kwa nini mwili unachelewa kutengeneza kingamwili nzuri. Sehemu kubwa ya ngozi ya mwiba imefichwa.

Msimbo wa pili: 3CSY, na watoto watatu mbele ya darasa

Tena mikono kwanza. Ita wanafunzi watatu wasimame migongo ikigusana, wakitazama nje. Hao watatu ni mwiba mmoja, kwa sababu mwiba wa Ebola umejengwa na nakala tatu zinazofanana. Kila mmoja, kuanzia kiunoni kwenda juu, ni kipande kinachoitwa GP1. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni GP2. Wavishe kofia, au wafunge kitenge kichwani: hicho ni kifuniko cha sukari. Wavishe na makoti makubwa: ndiyo yale manyoya. Kichwani, chini ya kitenge, ndipo ulipo ufunguo unaofungua mlango wa seli.

Sasa fungua 3CSY, ingia tena kwenye Structure. Ukiona rundo lisiloeleweka, kwenye paneli ya kulia tafuta neno Assembly na uchague ya kwanza. Zungusha mpaka mwiba usimame wima. Juu utaona bakuli: hizo ni GP1 tatu zikiwa zimekaa pamoja. Chini ni GP2 zimelikumbatia bakuli kama kitako cha kikombe cha kanisani. Na pembeni, chini, mikono mitatu imetokeza nje. Hiyo mikono ni kingamwili, jina lake KZ52.

Wanafunzi huuliza shina liko wapi. Halipo, wanaotengeneza fuwele mara nyingi hutumia mkono peke yake, kwa sababu bawaba inayocheza inaharibu mpangilio. Mkono ule ule ambao papaini ya Porter iliukata.

Ukitaka ngozi badala ya makaroni, kwenye paneli ya kulia nenda kwenye mstari wa Polymer, bonyeza vidoti vitatu, ongeza sura mpya, uchague Molecular Surface. Mwiba utajaa kama udongo uliofinyangwa. Mimi huiacha sura hii kwa dakika chache tu, kwa sababu inalemea simu ndogo, lakini ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko zote jinsi vidole sita vilivyolala bapa juu ya mwiba, bila nafasi katikati.

Hapa kaa. Hapa ndipo swali la yaya wangu linapopata nusu ya jibu. Tumia mstari wa mfuatano ulioko juu ya picha: chagua mnyororo mmoja mmoja kutoka kwenye orodha, pitisha kidole juu ya herufi, na sehemu husika ya picha itang'aa. Fanya hivyo kwa GP1, kisha GP2, kisha minyororo miwili ya KZ52. Utagundua kwamba KZ52 inashika kiunoni. Kidole kimoja kinagusa GP2, kingine kinafika GP1. Imeziunganisha mbili hizo kama mtu aliyefunga mkanda. Tafuta na sukari: ziko pande nyingi za mwiba, lakini pale iliposhika KZ52 hazipo. Mwili wa yule mtu wa Kikwit ulipata moja ya sehemu chache ambazo zimebaki uchi.

Mwambie mwanafunzi wa nne awafunge mkanda wale watatu kiunoni, kisha uulize darasa: hawa sasa wanaweza kujikunjua? Ili virusi viingie kwenye seli, GP2 lazima ijifungue na kuchoma utando wa seli. Ikifungwa mkanda, inashindwa.

Lakini usiishie hapo. Kwenye chupa za maabara KZ52 ilizuia virusi vizuri sana, na simbilisi (cobaye) ilionekana kuwakinga. Walipoijaribu kwa nyani, mwaka 2007, haikuwaokoa. Kuona mahali kingamwili inaposhika ni jambo kubwa, lakini hakutoshi kusema itaponya.

Mab cent quatorze

Rudi kwenye kisanduku cha kutafutia, uandike mAb114 na Ebola. Chagua matokeo yanayoonyesha mwiba ukiwa na kingamwili mbili, mAb114 na mAb100. Zote mbili zilitoka kwa mtu aliyepona Kikwit mwaka ule ule wa 1995. Damu yake ilichukuliwa miaka 11 baadaye, na seli zake bado zilikuwa zinaikumbuka Ebola. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2016.

Zungusha wima kama ulivyofanya kwa 3CSY. mAb100 iko chini, majirani na KZ52. mAb114 iko juu. Imeingia ndani ya bakuli, kichwani, imeshikilia pale pale penye ufunguo.

Sasa rudi kwa watoto watatu, ucheze safari nzima. Seli inameza virusi, kama mtu anavyomeza kitonge. Ndani ya kifuko, vimeng'enya viitwavyo kathepsini vinavua makoti na vitenge. Mwanafunzi mmoja na afanye kazi hiyo. Vichwa vikibaki wazi, ufunguo unaonekana, na unakwenda kuingia kwenye kipokezi kiitwacho NPC1, kilichoko kwenye ukuta wa kifuko chenyewe. Hapo mlango unafunguka. Lakini kama mikono ya mAb114 iko kichwani, kuvua kitenge hakusaidii kitu. Watafiti walijaribu katika hali ya uchachu kama ile ya ndani ya kifuko, na baada ya kathepsini kumaliza kukata, mAb114 ikabaki imeshika, na NPC1 ikakosa nafasi. Nyani waliopewa kingamwili hiyo peke yake siku ya tano tangu kuambukizwa walipona.

Nilipomwonyesha yaya, alitoa kidole, akagusa juu ya skrini. "Hapa?" Hapo hapo.

Picha isemewe kile inachokijua

Nina jambo moja la kusisitiza kwa mwalimu atakayetumia njia hii, na nalisema kwa nguvu kwa sababu nimeona watu wakiondoka na imani isiyo sahihi. Umbo linaonyesha namna dawa inavyoweza kufanya kazi. Linaloonyesha kama inafanya kazi ni wagonjwa.

Na wagonjwa hao walikuwa watu wetu. Kuanzia Novemba 2018, kwenye vituo vya Kivu Kaskazini, dawa nne zililinganishwa, wagonjwa wakigawiwa kwa kura: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyefika kwenye milipuko ya Ebola ya Yambuku mwaka 1976 na Kikwit mwaka 1995, alikuwa miongoni mwa walioongoza. Watu 681 waliandikishwa. Mwezi Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa imeonekana wazi: walifariki karibu nusu ya waliopewa ZMapp, asilimia 53 ya waliopewa remdesivir, asilimia 35 kwa mAb114 na asilimia 33.5 kwa REGN-EB3. Miongoni mwa waliokuwa na virusi vichache mwilini na kupata mojawapo ya zile mbili bora, alifariki kama mmoja kati ya kumi. Yaya aliugua baada ya uamuzi huo, akapata mojawapo ya zile mbili. Alikwenda kituoni siku ya pili ya homa, na mimi naamini mwendo huo ulimsaidia kama dawa yenyewe.

Ukiwa na muda, linganisha. ZMapp ilikuwa na kingamwili tatu, mbili za kiunoni na moja ya kichwani, na bado ilishindwa na mAb114 iliyo peke yake. Wanafunzi wangu hupenda kusema "basi kichwani ni bora kuliko kiunoni". Nawazuia. Saphire na wenzake walikusanya kingamwili 171 kutoka maabara nyingi duniani, wakazipima bila kujua ipi ni ya nani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yanaonyesha kwamba mahali pa kushika ni sababu mojawapo. Shina nalo, na namna linavyoziita seli za kinga, lina uzito wake. Mtoto aliyesimama mbele ya darasa mikono juu ana kiwiliwili pia.

Lingine: kingamwili hizi ni za Ebola ya aina ya Zaire. Mlipuko wa Isiro mwaka 2012 ulikuwa wa Bundibugyo, aina nyingine. Mwiba wake una asidi amino tofauti, na vidole vilivyotengenezwa kwa Zaire haviwezi kutegemewa pale. Mtu akikuambia "dawa ya Ebola ipo", muulize Ebola ipi.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Rangi. Protini haina rangi hizo. Programu imezipaka ili utofautishe minyororo. Nilimkuta mwanafunzi ameandika kwenye mtihani kwamba kingamwili ni ya kijani.

Mapengo. Ukiona mnyororo umekatika na kuendelea mbele, sehemu hiyo haikuonekana kwenye fuwele kwa sababu ilikuwa inacheza. Haimaanishi kwamba haipo.

Ukali. Umbo la 3CSY lina kipimo cha angstromu 3.4. Kwa kipimo hicho unaona vizuri njia ya mnyororo na minofu mikubwa ya pembeni, ila atomu moja moja hazijitokezi wazi. Usimruhusu mtu apime umbali kati ya atomu mbili na kuandika tarakimu nne baada ya nukta.

Na mwiba sio virusi. Kirusi cha Ebola ni uzi mrefu. Miiba imeota juu yake kama mibigili.

Umeme ukikatika

Pakua mafaili mapema. Kwenye ukurasa wa kila umbo kuna kitufe cha kupakua; yatie kwenye flashi. Kwenye kompyuta weka programu ya ChimeraX, ambayo kwa kazi ya shule ni ya bure, na inafanya kazi bila intaneti. Fungua faili, kisha kwenye mstari wa amri chini andika color bychain, na mnyororo kila mmoja utapata rangi yake. Ukiandika surface, utapata ngozi. Amri hizo mbili zinatosha kwa somo zima. Betri ya kompyuta yangu inakaa saa moja na robo, kwa hiyo mchezo wa mikono na watoto watatu ninaufanya kompyuta ikiwa imezimwa.

Ukitaka kuchapisha picha, geuza kwanza mandhari ya nyuma yawe meupe. Nyeusi inakula wino, na wachapishaji wa Birere wanakutoza zaidi. Chagua pembe ambayo bakuli linaonekana juu na mkono wa kingamwili umetokeza wazi, piga picha kwa kitufe cha kamera kilicho pembeni ya uwanja, ipeleke kwa flashi badala ya kuituma kwa simu ili isipungue ubora. Niliichapisha moja ya mAb114 kwa karatasi ngumu, nikaifunika kwa plastiki. Yaya ameiweka kwenye bahasha moja na ile karatasi yake ya Katwa. Mtu akiogopa kumpa mkono, na bado wapo, huitoa akaonyesha kwa kidole: inashika hapa.